Chambo cha Majani: Kutoka Nshamba Hadi Ukingoni mwa Ziwa

Mtu wa Nshamba haoni ziwa mlangoni pake. Nshamba iko juu, katika nchi ya Ihangiro, wilaya ya Muleba, jirani na Rubya. Anachokiona mtu asubuhi akifungua mlango ni ukungu juu ya migomba, mibuni chini ya migomba, na mbele zaidi rweya, yaani mbuga ya majani isiyolimwa. Maji anayoyajua tangu utoto ni ya chemchemi na ya vijito vya bondeni.

Hata hivyo samaki si mgeni Nshamba. Sehemu kubwa ya wilaya ya Muleba ni maji ya Ziwa Victoria, na tangu kale watu wa mlimani na watu wa ziwani wameishi kwa kubadilishana: ndizi huteremka, samaki hupanda. Samaki huyo huja kwa baiskeli au kwa pikipiki, naye huwa ameongezewa bei kila kilima anachokipanda. Basi si ajabu kwamba vijana, na hata akina baba, wakipata siku ya mapumziko hupenda kuteremka wenyewe na mshipi mfukoni, wajaribu bahati yao.

Safari yenyewe ni ya kupendeza. Barabara inashuka kutoka Nshamba ikielekea Muleba mjini, ikipita vibanja na rweya kwa zamu. Ukifika Muleba unavuka barabara kuu itokayo Bukoba kwenda Biharamulo, kisha unazidi kushuka, na hewa inazidi kuwa ya joto. Halafu ghafula, kati ya vilima viwili, ziwa linajifunua. Maji yake yako mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na upana wake ni kilometa za mraba zaidi ya 68,000. Huwezi kuona ng'ambo. Unaona visiwa tu, na mitumbwi midogo kama mbegu zilizomwagwa.

Sasa tuulize: kijana huyu wa Nshamba amechukua nini cha kutia kwenye ndoana yake? Nitakuambia bila kumwuliza. Amechukua nyambo. Chini ya majani ya migomba yaliyooza mna nyambo wanono, na kuwachimba ni kazi ya dakika chache. Kwa kambale, nyambo ni chakula cha harusi. Furu nao humdonoa mpaka ndoana inabaki tupu. Lakini yule anayetamaniwa, sato mpana wa kutosha mlo wa nyumba nzima, siku nyingine humla nyambo, na siku nyingine humpita kama mtu aliyekwisha kushiba. Kijana anarudi mlimani na furu watatu, anasema: "Leo ziwa halina samaki."

Ziwa lina samaki. Ila siku hiyo samaki yule alikuwa na chakula kingine mbele yake, nacho kilikuwa kimeota pale pale alipokuwa anaogelea. Chakula hicho ni majani.

MWULIZE SAMAKI MWENYEWE

Mvuvi mwenye akili hamwulizi jirani yake chambo gani ni kizuri. Humwuliza samaki. Njia ya kumwuliza ni rahisi, na kila mama anayepara samaki jikoni anaijua. Mpasue tumbo utazame. Sangara ana tumbo fupi, na ndani yake utakuta dagaa, furu, au uduvi. Sato ana utumbo mwembamba uliojizungusha mara nyingi, mrefu kuliko mwili wake mara kadhaa. Utumbo mrefu ni alama ya mla majani, kama ilivyo kwa ng'ombe na mbuzi, maana majani hayasagiki upesi. Ukiubonyeza utumbo huo na ukatoka uji wa kijani, umekwisha kujibiwa.

Lakini hata wala majani hawafanani. Ngege wa asili, ambaye wazee wetu walimsifu kuliko samaki wote, hula vimea vidogo vya kijani vinavyoelea majini, vidogo hata havionekani kwa macho. Kwa hiyo ngege si samaki wa ndoana, bali ni samaki wa wavu. Siku hizi amekuwa haba sana katika ziwa kubwa, amebaki zaidi katika maziwa madogo yaliyo kando yake. Sato tunayemla sasa aliletwa ziwani katika miaka ya 1950, pamoja na jamaa yake mmoja ambaye wataalamu humwita Coptodon zillii. Huyu wa pili aliletwa kwa kuwa hula majani makubwa ya majini, chakula ambacho samaki wa asili hawakukitumia sana. Sato mwenyewe hula mwani na majani, tena siku hizi hula pia wadudu na uduvi wa ziwani. Ndiyo sababu tunasema siku nyingine humchukua nyambo.

Wale wenye mabwawa ya samaki vijijini hawahitaji kushawishiwa. Wamekwisha kuona jinsi sato na perege wanavyoyakimbilia majani laini ya magimbi au ya viazi vitamu yakitupwa majini. Ziwani mambo ni yale yale, ila samaki wa ziwani hakuzoea majani ya shambani. Amezoea yaliyoota kwake.

MAJANI GANI?

Ukisimama ukingoni mwa ziwa utaona majani ya namna nyingi, na si yote ni chambo.

Kwanza kuna matete na mafunjo. Hayo ni nyumba ya samaki, si chakula cha kutia kwenye ndoana, kwa sababu ni magumu. Lakini yatakuonyesha mahali pa kutafuta, maana samaki wanaokula majani hupenda kukaa kando yake, penye kivuli na chakula.

Pili kuna magugumaji, yale yenye maua ya zambarau na vibofu vya hewa. Hayo ni mgeni kutoka Amerika ya Kusini, aliyeonekana katika ziwa letu mwishoni mwa miaka ya 1980. Mto Kagera ulikuwa mmoja wa njia zake. Hayo pia si chambo, na nitaeleza mbele kwa nini usiyaguse.

Tatu kuna majani laini yaliyozama, yenye vijani vyembamba kama manyoya. Samaki wengine huyala, nayo yaweza kutumika, ila hukatika upesi kwenye ndoana.

Nne, na hili ndilo tunalolitafuta, kuna mwani wa nyuzi. Ni ule ukoga wa kijani ulio mrefu kama nywele, unaoteleza mkononi. Utauona juu ya mawe yapigwayo na mawimbi madogo, juu ya nguzo za gati, ubavuni mwa mtumbwi wa zamani ulioegeshwa, na hasa mahali kijito kinapoingia ziwani. Ulio mzuri una rangi ya kijani iliyoiva, nyuzi ndefu, na ukiuvuta haukatiki mara moja. Ulio wa manjano umechoka, na unaonuka umekufa. Mwacheni huyo alale.

Kanuni ya kwanza ni hii: chukua mwani wa maji yale yale utakayovua, karibu na pale utakapotupa. Mwani wa bwawa la Nshamba ni mzuri kwa samaki wa bwawa la Nshamba. Sato wa ziwani anaujua mwani wa jiwe lake.

WENZETU WA BAHARINI

Jambo hili si geni duniani. Tusafiri kidogo kwa fikira mpaka pwani ya Bahari ya Hindi, kwa ndugu zetu wa Unguja, Pemba, Tanga na Mombasa. Huko yuko samaki aitwaye tafi. Tafi hutembea kwa makundi katika maji ya kina kifupi, akila mwani na nyasi za baharini. Wavuvi wa pwani humtegea dema, mtego mkubwa wa kusukwa wenye mdomo mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani, ili aingiaye asijue kutoka. Na ndani ya dema hutia nini? Mwani, na pengine konokono waliopondwa. Tafi huingia kwa ajili ya chakula chake cha kila siku, si kwa ajili ya kitu kigeni.

Pendo la tafi kwa mwani limewaletea watu hasara pia. Mwaka 1989 kilimo cha mwani kilianza katika vijiji vya Paje na Jambiani, mashariki ya Unguja, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Wanawake wengi walipata fedha yao ya kwanza kwa kazi hiyo. Lakini tafi walipoona mashamba ya mwani yamefungwa kwenye kamba, walidhani wametandikiwa meza. Mpaka leo wakulima wa mwani humlalamikia tafi kama sisi tunavyowalalamikia ngedere katika mahindi. Uonapo mwizi akirudia shamba moja kila siku, umekwisha kujua chambo chake.

Neno moja kwa ye yote atakayesafiri pwani akamshika tafi: ana miiba mikali yenye sumu mgongoni, tumboni na chini karibu na mkia. Ukichomwa, maumivu ni makubwa. Tumbukiza mahali palipochomwa katika maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, na uende kwa mganga wa hospitali.

Mbali zaidi, katika pwani ya New South Wales huko Australia, yuko samaki aitwaye luderick. Watu wa huko humvua kwa burudani siku za mapumziko, na chambo chao kikubwa ni majani. Huokota mwani mwembamba wa nyuzi katika mifereji na vijito viingiavyo baharini, au mwani mpana kama kabichi juu ya miamba iliyoachwa na maji kupwa. Huusokota kwenye ndoana ndogo, hutundika chelezo juu, na hungoja. Tena wana hila nyingine nzuri. Hukatakata majani yale yale, huyachanganya na mchanga wenye maji, na kuyatupa kidogo kidogo mbele yao. Mchanga huzama, majani hutawanyika, na samaki hufuata harufu mpaka karibu na ndoana. Mtu anayejua kulisha kuku anaielewa hila hiyo bila kufundishwa.

JINSI YA KUFANYA

Basi turudi kwenye ziwa letu na tuyaweke pamoja tuliyojifunza.

Tafuta ndoana ndogo, maana mdomo wa sato ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Mshipi uwe mwembamba. Ufito wa mwanzi unatosha kabisa. Chelezo kiwe chepesi. Kipande cha bua kikavu hufanya kazi hiyo bila gharama. Juu kidogo ya ndoana funga uzito mdogo, ili mwani uzame lakini chelezo kisizame.

Chukua nyuzi za mwani unene wa unyasi, uzizungushe kwenye mshipi juu kidogo ya ndoana, halafu uteremke ukiizungushia ndoana yenyewe, ukifunga fundo dogo lisilokaza. Acha ncha zining'inie chini ya ndoana, urefu wa nusu ya kidole. Ncha ya ndoana isifunikwe mno. Mwani uonekane kama uliokatika kwenye jiwe unaochukuliwa na maji.

Tupa kando ya mawe au mwishoni mwa matete, si katikati ya ziwa. Sato hula mchana, hivyo huna haja ya kuamka usiku wa manane. Chelezo kitakapoanza kutikisika usivute. Mla majani hamezi kwa pupa kama sangara. Huonja, huvuta, huachia, huvuta tena. Ngoja chelezo kizame polepole, ndipo uinue ufito bila kurusha.

Mwani uliobaki usiuache juani. Ufunge katika jani la mgomba lililoloweshwa, uuweke kivulini. Usiuloweke katika ndoo ya maji ya moto wala usiuoshe kwa sabuni. Na kamwe usichukue mwani mahali watu wanaposafishia mabomba ya dawa za mashamba.

HATARI ZA UKINGONI

Hapa nawaomba wazazi wasome kwa makini, maana samaki mmoja hana thamani ya mtoto.

Katika majani ya ukingoni hukaa konokono wadogo, na ndani ya baadhi ya konokono hao mna vijidudu vya kichocho. Vijidudu hivyo hutoka majini, hasa katikati ya mchana jua linapowaka, na hupenya katika ngozi ya mtu aliyesimama majini bila yeye kuhisi kitu. Kichocho cha tumbo kimeenea kando ya Ziwa Victoria. Mtoto huumwa tumbo, huhara, pengine na damu, na akikaa miaka bila dawa ini na wengu huvimba. Dawa iko, huitwa prazikwanteli, na hospitali huwapima watu. Lakini ni heri kutoingia kuliko kutibiwa. Kwa hiyo mtoto asitumwe kuingia majini kuchuma mwani. Kata mti mrefu wenye panda, simama juu ya jiwe au juu ya gati, na usokote mwani kwa ile panda kama mtu anayesokota ugali kwa mwiko. Nyuzi zitajizungusha zenyewe. Ukilowa, jifute upesi ukauke.

Tena matete ni maficho ya mamba na malisho ya kiboko. Usivue peke yako, usivue jua likiisha kutua, na kabla hujafungua mshipi wako uwaendee wenyeji wa mwalo. Msalimie mzee wa mahali, "Shikamoo, mzee," naye akikujibu "Marahaba, mwanangu," umwulize mambo mawili: wapi pana hatari, na wapi pamekatazwa kuvua. Yako maeneo ya mazalio ambayo sheria inayalinda, na viongozi wa mwalo wanayajua. Watakueleza pia habari za kibali.

Na yale magugumaji? Usichukue hata kipande kimoja kwenda nacho mlimani kwa kuvutiwa na maua yake. Kipande kilichokatika huwa mche mpya. Mahali penye mbolea huweza kujizidisha maradufu kwa muda wa majuma mawili hivi. Ziwani yalipata kufunga bandari na kuziba njia za mitumbwi katika miaka ya 1990, mpaka wakaletwa wadudu maalumu wa kuyala. Fikiri yangefanya nini katika bwawa la kijiji.

JANI LA KULISHA NA JANI LA KUUA

Mwisho, liko jani jingine ambalo watu wengine hulichukua wakienda kuvua, nalo ni utupa. Wakulima huupanda kufukuza fuko, na kwa kazi hiyo hatuna neno. Lakini wako wanaouponda na kuumwaga katika kijito au bwawa. Sumu yake humzuia samaki asiweze kuitumia hewa iliyo ndani ya maji, naye huelea juu akihema. Mkubwa huelea, mdogo huelea, na vifaranga vilivyotoka jana huelea. Mtu anajaza kikapu siku moja, na kijiji kinakaa mwaka mzima bila samaki.

Wengine wamezidi hapo wakatumia sumu za dukani za kuulia wadudu. Matunda yake yalionekana mwaka 1999, Umoja wa Ulaya uliposimamisha kununua samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya habari za uvuvi wa sumu. Viwanda vilisimama, na wavuvi wengi wasio na kosa lo lote wakakosa soko pamoja na wenye kosa. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kabisa kuvua kwa sumu na kwa baruti. Lakini hata kama pasingekuwa na sheria, maji yale yale ndiyo mama anayotekea.

Basi tazama tofauti ya majani haya mawili, yote mawili yameota bure bila kununuliwa. Utupa hauchagui. Mwani kwenye ndoana ndogo humwita samaki mmoja, aliyekua, mwenye njaa. Ukimwona ni mdogo unamrudisha majini akiwa hai, naye mwaka ujao atakuwa mlo. Huo ni uvuvi ambao baba anaweza kumfundisha mwanawe bila aibu, na gharama yake ni ndoana, mshipi na subira.

Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Kijana wa Nshamba anayeteremka ziwani likizo hii achukue nyambo wake kwa ajili ya kambale, si vibaya. Lakini akifika ukingoni asikimbilie kutupa. Asimame kwanza juu ya jiwe, atazame majini, aone ni nini kilichoota pale na ni nani anayekila. Akiisha kujua hayo, chambo chake kiko miguuni pake.